Barua pepe yako haikufika? Jinsi ya kupata na kupanga kumbukumbu za seva ya barua

Kila msimu wa ajira na wa maombi ya vyuo, wasikilizaji hutuletea malalamiko ya aina moja. Mtu amesafiri hadi mjini, amelipia steshenari wamskanie vyeti, barua pepe imetumwa mbele ya macho yake. Wiki mbili baadaye anapiga simu ofisini anajibiwa: "Hatukupokea kitu." Yeye anaapa ametuma, wao wanaapa hawakupata, na siku ya mwisho ya kupokea maombi imeshapita.

Mara nyingi hakuna anayedanganya kati ya hao wawili. Jibu limeandikwa kwenye faili moja ndani ya kompyuta iliyopokea barua, au iliyoikataa. Faili hilo huonyesha saa, dakika na sekunde. Tatizo ni kwamba wachache wanajua lipo, wachache zaidi wanajua kulisoma, na lisipopangwa vizuri hujifuta lenyewe baada ya siku kumi au wiki chache.

Makala hii tumeiandika kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe uliyetuma barua na unataka kujua uulize nini. Wa pili ni kijana au mwalimu aliyekabidhiwa kutunza seva ya shule, ya chama cha ushirika au ya shirika dogo, bila kuelekezwa mengi. Kama wewe ni wa aina ya kwanza, sehemu zenye amri za kompyuta unaweza kuzipitia haraka, lakini usiruke ile ya saa.

Faili hilo ni nini

Seva ya barua pepe hufanya kazi kama karani wa posta mwenye daftari. Kila mfuko unaoingia anauandika: umetoka wapi, unakwenda kwa nani, una uzito gani, nimempa nani. Mafundi huliita daftari hilo logi. Sisi tutaliita kumbukumbu za seva.

Utaratibu huu ni wa zamani. Eric Allman, aliyetengeneza programu ya barua ya Sendmail katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiye aliyetengeneza pia mfumo wa kuandika kumbukumbu unaoitwa syslog, kwa sababu Sendmail iliuhitaji. Baadaye zikaja programu nyingine: Exim ya Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, na Postfix ya Wietse Venema mwaka 1998. Hadi leo seva nyingi za barua zinaandika kumbukumbu zao kwa njia ya syslog.

Daftari hili halina maneno ya barua yako wala picha za vyeti vyako. Kwa kawaida hata kichwa cha habari cha barua hakimo. Lina anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, ukubwa wa barua, seva iliyoileta na matokeo. Kwa hiyo ukimwambia fundi "tafuta barua yenye kichwa Maombi ya Kazi ya Uuguzi," umempa kitu asichoweza kukitafuta.

Saa nne ipi?

Hapa ndipo watu wengi hupoteana. Wewe unasema ulituma saa nne na dakika ishirini asubuhi. Fundi, hasa akiwa amezoea saa za kompyuta, anaweza kutafuta 04:20, muda ambao ulikuwa bado umelala. Saa nne na ishirini asubuhi yetu ni 10:20 kwenye simu yako.

Bado kuna kizingiti cha pili. Seva nyingi, hasa za kukodi zilizoko nje ya nchi, huandika kumbukumbu kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Barua ya 10:20 ya Dodoma au Nairobi itaonekana kwenye daftari kama 07:20. Kumbukumbu za mtindo wa zamani wa syslog haziandiki mwaka wala kanda ya saa, ni "Mar 9 07:20:41" basi. Fundi asipojua seva yake imewekwa saa ya wapi, anaweza kusoma ukurasa usio wake na kukuambia kwa moyo safi kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo andika muda jinsi simu inavyouonyesha, kwa tarakimu, na uongeze maneno "saa ya Afrika Mashariki." Na wewe mtunza seva, andika `timedatectl` uone imewekwa saa ya wapi. Saa yenyewe lazima iwe inasahihishwa kupitia intaneti, kwa programu kama chrony. Daftari lenye saa iliyokosea kwa dakika arobaini linaweza kumnyima mtu haki yake kana kwamba halipo.

Kulipata faili

Mahali lilipo hutegemea programu ya barua na mfumo wa kompyuta. Kwenye Debian na Ubuntu za miaka mingi, Postfix huandika hapa:

/var/log/mail.log

Kwenye Red Hat na ndugu zake kama Rocky na AlmaLinux, ni hapa:

/var/log/maillog

Faili hilo haliachwi wazi kwa kila mtu. Usipokuwa na mamlaka ya msimamizi utaambiwa huna ruhusa, kwa hiyo tanguliza `sudo`. Na usilifungue lote, linaweza kuwa na mamia ya maelfu ya mistari. Tazama mkia wake:

sudo tail -n 50 /var/log/mail.log

Ukifika hapo usikute faili, usikate tamaa. Kuanzia Debian 12, ya mwaka 2023, programu ya rsyslog haiwekwi tena yenyewe. Kumbukumbu huwa ndani ya hazina ya systemd, na unazisoma kwa amri ya `journalctl`. Kwa mfano, kuona mazungumzo yote ya kupokea barua tangu tarehe fulani:

sudo journalctl -t postfix/smtpd --since "2026-03-09 07:00"

Inawezekana pia aliyekutangulia aliihamisha. Tangu toleo la 3.4, la mwaka 2019, Postfix inaweza kuandika kwenye faili lake bila kupitia syslog. Uliza hivi:

postconf maillog_file

Likija jibu tupu, inatumia syslog. Likija jina la faili, ndilo hilo. Kama ni syslog na bado hulioni, tafuta agizo lenyewe:

grep -r 'mail\.' /etc/rsyslog.conf /etc/rsyslog.d/

Exim ina utaratibu wake. Kwenye Debian daftari kuu ni `/var/log/exim4/mainlog`, na pembeni yake kuna `rejectlog` la zilizokataliwa na `paniclog` la matatizo makubwa. Kwenye seva zenye cPanel, ambazo ndizo mashirika madogo mengi hukodi, huwa ni `/var/log/exim_mainlog`. Mteja wa kawaida wa cPanel haruhusiwi kuligusa faili hilo, ila ndani ya akaunti yake kuna ukurasa uitwao Track Delivery, unaoonyesha barua za siku chache zilizopita na matokeo yake. Tumekuta ofisi zinazolipia huduma hiyo kila mwaka bila kujua ukurasa huo upo.

Ofisi zinazotumia barua za Google au Microsoft hazina faili la kufungua. Msimamizi huingia kwenye ukurasa wake wa usimamizi na kutafuta humo: kwa Google ni Email Log Search, kwa Microsoft 365 ni message trace, ambayo hurudi nyuma hadi siku 90. Kwa Google, barua iliyozidi siku 30 hutafutwa kwa namba yake maalumu, Message-ID. Namba hiyo unayo wewe mtumaji. Fungua Gmail kwenye kivinjari kwa mwonekano wa kompyuta, ifungue barua uliyotuma, kwenye menyu yake chagua Show original, na utaiona juu kabisa. Programu ya Gmail ya simu haina kitufe hicho.

Mwisho, ikiwa seva ina Dovecot, ambayo ndiyo huweka barua kwenye kikasha na kuwaruhusu watu kuzisoma, andika `sudo doveadm log find` na itakutajia yenyewe inapoandikia.

Jambo moja zaidi kwa walio mbali na mjini: huhitaji kompyuta kufanya haya. Simu ya Android yenye programu ya Termux na kifurushi cha openssh inatosha kuingia kwenye seva. Kwa kioo kidogo, kusoma faili zima ni mateso kwa sababu mistari inajikunja, kwa hiyo tumia `grep` ikuletee mistari michache unayoitaka.

Kuisoma barua moja

Chukua mfano wa Neema, mwalimu aliyetuma maombi tarehe 9 Machi saa 10:20 ya simu. Seva ya ofisi iko kwenye UTC na inatumia Postfix. Hivi ndivyo barua iliyofika salama inavyoonekana. Mistari tumeifupisha kidogo, na anwani ni za mfano:

Mar  9 07:20:41 posta postfix/smtpd[3120]: 5C1D240A7E: client=mail.example.net[203.0.113.25]
Mar  9 07:20:42 posta postfix/cleanup[3124]: 5C1D240A7E: message-id=<b71f02@example.net>
Mar  9 07:20:44 posta postfix/qmgr[988]: 5C1D240A7E: from=<neema@example.net>, size=4817220, nrcpt=1
Mar  9 07:20:44 posta postfix/lmtp[3126]: 5C1D240A7E: to=<ajira@example.org>, delay=3.4, dsn=2.0.0, status=sent
Mar  9 07:20:44 posta postfix/qmgr[988]: 5C1D240A7E: removed

Tazama herufi na namba zinazojirudia, 5C1D240A7E. Hiyo ni namba ya foleni, kama kile kipande cha karatasi unachopewa ukifika hospitali. Kwenye seva yenye kazi nyingi mistari mitano hii haikai pamoja, hutenganishwa na ya barua nyingine. Unaanza kwa kutafuta anwani, unapata namba ya foleni, kisha unatafuta namba hiyo ili ikusanyike safari nzima:

sudo grep 'neema@example.net' /var/log/mail.log
sudo grep 5C1D240A7E /var/log/mail.log

Mstari wa kwanza unasema seva gani ilibisha hodi. Wa pili una Message-ID, ile ile iliyoko kwa mtumaji. Wa tatu una mtumaji, ukubwa kwa baiti na idadi ya wapokeaji. Wa nne ndio hukumu. Wa tano, neno "removed," huwatisha wengi wakidhani barua imefutwa. Maana yake ni kwamba imeondolewa kwenye foleni kwa kuwa kazi imekwisha.

Neno "sent" nalo lisikudanganye. Linamaanisha seva hii imeikabidhi barua kwa hatua inayofuata. Halisemi kwamba mtu ameisoma. Hapo kumbukumbu za Dovecot huendeleza hadithi: zinaonyesha kama barua iliwekwa kwenye kikasha kikuu au kwenye folda ya taka. Zinaonyesha pia nani aliingia kwenye akaunti, saa ngapi na kutoka anwani gani ya mtandao. Kuna ofisi ambako barua "hazifiki" kumbe kompyuta ya zamani chumba cha pili bado inazivuta zote kwa POP3 na kuzifuta kwenye seva.

Badala ya "sent" unaweza kukuta "deferred," yaani imeahirishwa, au "bounced," imerudishwa. Kanuni ya barua pepe duniani iko hivi: jibu linaloanza na 2 ni kukubali, 4 ni "jaribu tena baadaye," na 5 ni kukataa moja kwa moja. Barua iliyopewa 4 haijapotea. Postfix, isipobadilishwa, huendelea kujaribu kwa siku tano kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mtumaji taarifa. Kwa mtu ambaye dirisha la maombi linafungwa kesho, siku tano ni nyingi mno, na mtumaji anaweza asiambiwe lolote katika muda huo wote.

Exim hutumia alama: `<=` ni barua imeingia, `=>` imefikishwa, `==` imeahirishwa, `**` imeshindikana. Ina chombo chake kizuri, `exigrep`, kinachokusanya mistari yote ya barua moja kwa mara moja.

Ile inayokataliwa mlangoni

Sasa tufike kwenye tukio ambalo tunaamini liko nyuma ya nyingi za "hatukupokea kitu."

Postfix ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani hupokea barua isiyozidi baiti 10,240,000, kama megabaiti kumi. Picha nne za vyeti zilizopigwa kwa simu, megabaiti mbili kila moja, ni nane. Unaona ziko ndani ya kiwango. Lakini kiambatisho husafirishwa kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi, na mgeuzo huo huongeza zaidi ya theluthi moja ya ukubwa. Nane zako zinakuwa karibu kumi na moja, na mlango unafungwa:

Mar  9 07:20:41 posta postfix/smtpd[3120]: NOQUEUE: reject: MAIL from mail.example.net[203.0.113.25]: 552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit; proto=ESMTP helo=<mail.example.net>

Angalia kisichokuwepo. Hakuna namba ya foleni, kwa sababu barua haikuingia foleni. Hakuna anwani ya Neema. Hakuna anwani ya ofisi. Seva ya mtumaji ilitangaza ukubwa wa mzigo mwanzoni kabisa, ikakataliwa kabla hata ya kutaja mpokeaji. Fundi mwaminifu akitafuta jina la Neema hatapata chochote, na atajibu "hatukupokea" akiwa anasema kweli. Mstari huu hupatikana kwa muda tu:

sudo grep '^Mar  9 07:2' /var/log/mail.log | grep reject

Kati ya "Mar" na "9" kuna nafasi mbili, kwa sababu tarehe ya tarakimu moja hujazwa nafasi. Ukiweka moja hutapata kitu. Ubuntu 24.04 na Debian 12 yenye rsyslog huandika tarehe kwa mtindo mpya, kama 2026-03-09T07:20:41, kwa hiyo tazama kwanza mistari yako imeandikwaje.

Na taarifa ya kukataliwa ilikwenda wapi? Ilirudi kwenye anwani iliyotuma. Kama Neema alitumia anwani yake, iko kwenye kikasha chake, kwa Kiingereza kigumu, pengine ameipita. Kama mwenye steshenari alitumia anwani ya duka lake, jambo la kawaida sana, taarifa iko dukani na hakuna aliyemwambia. Tunashauri kila mara: tuma kwa anwani yako mwenyewe, na rudi kutazama kikasha chako baada ya dakika kumi na tena kesho yake.

Kupanga daftari lidumu

Kumbukumbu zisipopunguzwa zitajaza diski. Kwa hiyo kuna programu iitwayo logrotate, inayofunga daftari la zamani, kulibana, na kufungua jipya. Kwenye Ubuntu na Debian zenye rsyslog, mpango wa kawaida ni kila wiki, na kubakiza manne: `mail.log.1`, kisha `mail.log.2.gz` hadi la nne. Pamoja na la sasa unapata kama wiki nne hadi tano. Yaliyobanwa husomwa kwa `zgrep` badala ya `grep`. Exim ya Debian ni kali zaidi: hufunga kila siku na kubakiza kumi. Mtu akija kulalamika siku ya kumi na tano, ushahidi wake umeshafutwa.

Kwa ofisi inayopokea maombi, zabuni au malalamiko ya wananchi, sisi tunaona miezi sita ni muda wa haki. Fungua `/etc/logrotate.d/rsyslog`, ondoa mstari wa `/var/log/mail.log` humo, kisha tengeneza faili jipya, kwa mfano `/etc/logrotate.d/barua`, lenye haya:

/var/log/mail.log {
    weekly
    rotate 26
    missingok
    notifempty
    compress
    delaycompress
    postrotate
        /usr/lib/rsyslog/rsyslog-rotate
    endscript
}

Usiliache jina la faili sehemu zote mbili, logrotate italalamika kwamba limerudiwa. Pima kwa `sudo logrotate -d /etc/logrotate.conf`, ambayo inaeleza ingefanya nini bila kufanya chochote.

Ikiwa huna rsyslog na unataka faili la kawaida, iweke, kisha hakikisha agizo hili lipo:

mail.*    -/var/log/mail.log

Kistari kabla ya njia ya faili kinaiambia rsyslog isisukume kila mstari kwenye diski papo hapo. Umeme ukikatika ghafla mistari ya mwisho inaweza kupotea. Anzisha upya kwa `sudo systemctl restart rsyslog`, kisha jaribu:

logger -p mail.info "jaribio la daftari"

Maneno hayo yakionekana mwishoni mwa `mail.log`, njia iko wazi.

Anayebaki na hazina ya systemd atazame `/etc/systemd/journald.conf`. `Storage=persistent` huhakikisha kumbukumbu hazifi seva ikizimwa. `SystemMaxUse` huweka kikomo cha ukubwa, na `MaxRetentionSec` kikomo cha muda. Ujue kwamba hazina hii huchanganya kumbukumbu za kila kitu, kwa hiyo programu nyingine yenye kelele inaweza kusukuma nje za barua.

Kupanga pia ni kujua kiasi cha kuandika, na hapa sisi wenyewe tumewahi kuumia. Seva ya kituo ilikuwa na tatizo dogo la kupokea barua kutoka mahali pamoja, tukaongeza `-v` kwenye mstari wa smtpd ndani ya `master.cf` ili iandike kila neno. Tatizo tukalitatua, `-v` tukaisahau. Daftari likavimba hadi diski ikajaa. Nafasi iliyobaki ikiwa chini ya mara moja na nusu ya ukubwa wa juu wa barua, Postfix hukataa kupokea, na seva yetu ikawa inawajibu wasikilizaji wote 452 4.3.1, Insufficient system storage. Kwa kuwa jibu lilianza na 4, seva zao ziliendelea kujaribu. Tuligundua siku ya tatu, tukafuta faili, barua zikamiminika zote kwa pamoja, zikiwemo salamu za sikukuu iliyokwisha. Ingekuwa siku ya sita zisingekuja kamwe. Siku hizi tukitaka maelezo zaidi tunamfuatilia mgeni mmoja tu:

postconf -e 'debug_peer_list = 203.0.113.25'
postfix reload

na tunaandika kwenye ubao wa ofisi tarehe ya kuiondoa.

Siri za watu

Daftari halina maneno ya barua, lakini linajua nani anaandikiana na nani, na saa ngapi. Hilo peke yake ni siri ya mtu. Exim inaweza hata kuambiwa iandike vichwa vya habari, kwa `log_selector = +subject`; sisi hatushauri bila sababu nzito. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinampa mtu haki ya kuomba kujua taarifa zake zilizoko kwa mwingine. Kwa hiyo una haki ya kuuliza habari za barua yako, si za waombaji wengine, na fundi asikutumie faili zima.

Uliza mapema, kwa maandishi, na umpe fundi vitu anavyoweza kuvitafuta. Ukituma ujumbe kama huu ndani ya wiki ya kwanza, umempa kila anachohitaji:

"Habari ya kazi. Tarehe 9 Machi 2026 saa 10:20, saa ya Afrika Mashariki (07:20 UTC), nilituma barua kutoka neema@example.net kwenda ajira@example.org. Message-ID yake ni b71f02@example.net, ukubwa kama megabaiti 11. Naomba mtazame kumbukumbu za seva kuanzia dakika kumi kabla hadi saa moja baada ya muda huo, zikiwemo zilizokataliwa bila namba ya foleni, mniambie matokeo yaliyoandikwa. Naomba pia kumbukumbu za siku hiyo zisifutwe hadi suala hili liishe. Asanteni."